Nyavu za Avit

Buhembe, Bukoba
8 Septemba 2024

Mdogo wangu Nuriat,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, watoto wamepona mafua na Mama anakusalimia. Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu wakati simu ninayo. Nimeogopa kukuandikia haya kwa simu. Ukoo wetu unavyopenda kusambaza mambo, ningekutumia asubuhi, na jioni yangenirudia kutoka kwa binamu zetu wa Mwanza. Barua hii nimempa dereva wa basi dogo la Muleba, ameniahidi kuiacha shuleni kwenu.

Ni kuhusu Awadhi.

Jirani yangu Sada aliposikia kwamba umeposwa na fundi wa injini za boti aliyewahi kuishi Bumbire, aliniuliza kama tumemchunguza. Basi nikiwa dukani, wateja wa dawa walipopungua, nikafungua Facebook nikamtafuta. Heri nisingetafuta. Kuna ukurasa unaitwa Sauti ya Mwalo. Wameandika kwamba alipokuwa katibu wa kikundi cha kulinda mwalo, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, dhidi ya uvuvi haramu kule kisiwani alichoma nyavu za wavuvi maskini, kisha akaondoka na fedha za kikundi. Wameweka picha yake amebeba nyavu begani, chini yake maneno: "Akitoroka na mali za watu." Yupo pia mvuvi mmoja mwenye mvi, anaitwa Avit, wamemrekodi akisema nyavu zake zilikuwa halali na Awadhi akazichoma, na hajamwomba radhi mpaka leo. Yule mzee hadanganyi, Nuriat. Uso wake unaonyesha. Na si ukurasa huo tu, kurasa nyingine nazo zimesema hayo hayo.

Umesubiri muda mrefu na najua watu walivyokusema. Ndiyo maana naumia. Lakini Baba mdogo Muharami ndiye anayesimama mahali pa marehemu baba, na amesema atajibu posa mwezi wa kumi na moja. Bado hajayaona. Akiyaona atamkataa mbele ya watu, na fedheha itabaki kwako. Ni bora umkatae mwenyewe, kimya kimya, kabla hayajafika huko.

Usinichukie kwa hili.

Dada yako,
Hafidha


Muleba
14 Septemba 2024

Dada Hafidha,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikatafuta kiti.

Sikuchukii. Nitakueleza nilivyo, maana kwako sina cha kuficha. Nampenda Awadhi. Kila neno lililoandikwa na Sauti ya Mwalo nataka liwe uongo, na hapo ndipo ninapojiogopa. Mtu anayetaka jambo liwe uongo hakosi sababu za kuliita uongo. Kwa hiyo nimejikataza kuwa na jibu kwa sasa.

Kwanza nilifanya kama ulivyofanya wewe, nikatafuta. Nikakuta ukurasa wa shirika moja la mazingira, wanaeleza siku ile ile ya kuchoma nyavu. Kichwa cha habari ni "Katibu shujaa aokoa samaki wa Bumbire." Dada, nilifurahi. Nikapiga picha ya skrini nikutumie, nikajiona nimeshinda. Halafu nikairudia taratibu. Wameongea na Awadhi, wameongea na afisa uvuvi, wameongea na mfadhili wao wenyewe. Mwenye nyavu hayumo hata mmoja. Sasa kama naidharau Sauti ya Mwalo kwa sababu haikumuuliza Awadhi, nitawaaminije hawa ambao hawakumuuliza Avit? Ile picha nimeifuta.

Kisha nikasoma zile kurasa nyingine ulizosema. Zote zimeandika "fedha za kikudi", herufi n imepotea. Watu wengi hawawezi kukosea herufi ile ile mahali pale pale. Ni mdomo mmoja, wengine wamenakili tu. Hilo halisemi kama fedha ziliibwa au hazikuibwa. Linasema tu kwamba mashahidi si wengi kama ulivyodhani.

Na Avit. Umesema hadanganyi, nami nakubali. Lakini isikilize tena ile video tangu mwanzo. Neno lake la kwanza ni "lakini". "Lakini nyavu zangu zilikuwa halali." Hakuna mtu anayefungua mazungumzo kwa "lakini". Alikuwa amesema kitu kabla yake. Alisema nini?

Nina swali moja kwako, nalo si la kukukosea heshima. Ulipomtafuta, uliandika maneno gani?

Nakuomba usimwambie Baba mdogo kwanza. Nikijua ni kweli, nitamkataa Awadhi kwa mdomo wangu na sitahitaji kusukumwa.

Mdogo wako,
Nuriat


Buhembe
20 Septemba 2024

Nuriat,

Niliandika "Awadhi Bumbire wizi". Haya, umeridhika? Nilikwenda kutafuta wizi, nikapewa wizi. Hata mume wangu nilipomwambia alicheka, akasema ningeandika "Awadhi Bumbire sheikh" pengine ningeletewa sheikh.

Lakini na mimi nina langu. Herufi n iliyopotea haimrudishii Avit nyavu zake. Wewe ni mwalimu, kusahihisha ndiyo kazi yako. Nachelea utakaa unasahihisha maandishi ya watu huku mwanamume anakudanganya mbele ya macho yako. Umemuuliza yeye mwenyewe? Hukuandika kwamba umemuuliza.

Baba mdogo sijamwambia. Ila sipendi kuwa na siri naye.

Hafidha


Buhembe
13 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Siku zinapita hujajibu. Simu yako haipatikani tangu juzi. Nilipiga shuleni kwenu, mwalimu wa zamu akasema uliomba ruhusa, hajui umekwenda wapi. Kama nimekuudhi kwa barua ile, niambie nimekuudhi. Kama umekwenda kwake, na hilo niambie, nitajua la kumwambia Mama. Leo ameniuliza nikamdanganya kwamba una semina.

Baba mdogo naye kauliza habari zako. Nimeshindwa kumtazama usoni.

Tafadhali andika hata mstari mmoja.

Dada yako


Muleba
16 Oktoba 2024

Dada Hafidha mpenzi,

Shikamoo, na unisamehe. Nilikuwa Bumbire. Nilipanga kulala usiku mmoja tu, ziwa likachafuka, boti za abiria zikazuiwa, na simu yangu iliisha chaji nikiwa huko. Nilifikia kwa Asha, yule niliyesoma naye chuo cha ualimu. Anafundisha kisiwani.

Umeuliza kwa nini sikumuuliza Awadhi kwanza. Niliogopa sauti yake. Angenieleza vizuri nami ningetosheka, halafu kila nitakayemsikia baadaye ningempima kwa maneno ya Awadhi. Nilitaka yeye awe wa mwisho.

Asha alinishauri niseme natafuta fundi wa injini. Nilikataa. Niliwaambia watu ukweli kwamba huyu mtu ameniposa nami nataka kumjua. Wapo waliofunga midomo kwa adabu. Wengine ndiyo kwanza walifunguka, hasa kina mama wanaoanika dagaa.

Nilianza na wasiompenda. Mwenye ukurasa wa Sauti ya Mwalo ni kijana anaitwa Riyadhi. Alikuwa na makokoro, zile nyavu ndefu zinazokokotwa hadi ufukweni zikizoa mpaka samaki wachanga, na zake zilichomwa siku ile. Alinipokea vizuri, akaninunulia soda. Nikamuuliza habari ya fedha aliipata wapi. Akasema watu wanasema. Nikaomba jina la mtu mmoja tu nikaongee naye. Akatazama ziwani, akaanza kunieleza bei ya sangara. Nilitaka kucheka, kisha nikaona boti yake imepinduliwa mchangani, majani yameota pembeni yake. Kokoro lile lilikuwa likilisha nyumba yake na za wenzake. Si mtu mbaya. Ana hasira, na ana simu.

Mwenyekiti wa kikundi, mzee wanayemwita kwa heshima Ta Kahangwa, naye hampendi Awadhi. Aliniambia wazi kwamba ni kijana mwenye kiburi, hasikilizi wakubwa. Lakini nilipotaja fedha alikunja uso. Alisema Awadhi alizikabidhi mkutanoni, watu wakiona. Kina mama wa dagaa nao walikuwepo, nao walisema hivyo hivyo kabla sijafika kwa mzee. Mtu anapomtetea asiyempenda, mimi maneno yake nayapa uzito. Na ile picha ya "akitoroka" ni ya siku yenyewe ya kuchoma. Asha anayo nzima. Mbele ya Awadhi anatembea Ta Kahangwa, naye ana nyavu begani, na nyuma yao kuna polisi. Wamekata pande zote mbili akabaki mmoja, kama mwizi.

Hapo ningeweza kurudi nyumbani na furaha yangu. Ila nilikuwa sijamwona Avit.

Nilimkuta anasugua boti. Nikajitambulisha, nikamwambia nimeona video yake. Hakuacha kusugua.

"Maneno yale ni yangu," alisema. "Niliyasema."

Nikamuuliza alisema nini kabla ya "lakini". Hapo akasimama. Akaniambia alieleza kwamba tangu makokoro yazuiwe sato wamerudi karibu na kisiwa, kwamba Awadhi hakula shilingi ya mtu, kwamba kazi aliyoifanya ilihitaji moyo. Lakini nyavu zake zilikuwa halali. Riyadhi akachukua kipande cha mwisho.

Nikamwuliza kama anamkasirikia Riyadhi.

"Namkasirikia yeye, na huyo wako pia namkasirikia," alisema. "Waliyoyaweka ni yangu, na waliyoyaacha ni yangu. Sasa na wewe usichukue nusu ya pili ukaondoka nayo."

Dada, nimekuandikia nusu zote mbili kama nilivyomwahidi. Wizi haupo. Nyavu zilichomwa kweli, zilikuwa halali kweli, na radhi haikuombwa. Nilikwenda nikiomba Mungu Sauti ya Mwalo iwe imesema uongo mtupu. Haikuwa hivyo.

Awadhi bado hajui kwamba nilikwenda.

Mdogo wako,
Nuriat


Buhembe
20 Oktoba 2024

Nuriat,

Nimeisoma dukani, nikamwuzia mtu panado badala ya dawa ya minyoo, ikabidi nimkimbilie nje.

Unajua ulivyonifanya? Ungeweza kuishia kwa Ta Kahangwa. Fedha zipo, picha imekatwa, mwisho wa habari. Mimi huku nisingejua lolote, ningekuomba radhi na kuanza kutafuta kitenge cha sare. Wewe ukaenda kumtafuta mtu pekee anayeweza kukuharibia, ukamsikiliza, ukaniletea maneno yake bila kuyapunguza. Mimi ni mkubwa wako nimekubeba mgongoni, lakini sijui kama ningeweza. Nimekaa nikikumbuka mara ngapi nimefungua habari, nikaona inanipendeza, nikaisambaza kabla sijafika mwisho.

Sasa muulize. Na vyovyote atakavyojibu, sitasema nilikuambia.

Dada yako,
Hafidha


Muleba
27 Oktoba 2024

Dada Hafidha,

Shikamoo. Nimemuuliza.

Nilikwenda karakanani kwake, injini ipo chini imefumuliwa. Nikamwambia nilikuwa Bumbire, nikamtajia kila niliyeongea naye. Hakukasirika, ila uso ulimbadilika nilipofika kwa Avit. Nikamwuliza swali moja tu, kama alizichoma zile nyavu akijua.

Aliweka spana chini. Kisha akasema, "Nilijua moto ukiwa bado unawaka."

Akanieleza. Nyavu za Avit zilichanganywa na za watu wengine wakati wa kuzikusanya. Moto ulipowashwa akayaona maboya yake, yale yaliyopakwa rangi ya kijani, akayatambua. Angeweza kupaza sauti watu wakazivuta pembeni, pengine nusu ingepona. Lakini maafisa walikuwepo, kamera za lile shirika zilikuwepo, na yeye ndiye aliyekuwa akiambiwa shujaa. Akaona aibu kusema kikundi chake kimekosea. Baadaye kila wiki iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, mpaka akahama kisiwa.

Aliponiuliza nataka afanye nini, nilimwambia nikisema mimi, litakuwa jambo langu. Nikaondoka. Sikulia njiani, ila nyumbani sikuweza kula.

Jana nilipita karakana, imefungwa. Jirani yake Renatha aliniambia amepanda boti ya Bumbire alfajiri, hakusema anarudi lini. Sijui amekwenda kufanya nini. Huenda ameamua kurudi kuishi huko na mambo yangu yamekwisha.

Usiniombee jibu ninalolitaka, dada. Niombee la kweli.

Nuriat


Buhembe
24 Novemba 2024

Mdogo wangu mpenzi Nuriat,

Asalaam aleikum. Baba mdogo atakupigia simu kesho, na nimemwomba anipe siku moja ili barua hii ifike kwako kwanza. Nataka ujue jinsi ilivyokuwa, kutoka mwanzo.

Ijumaa, baada ya sala, Baba mdogo alituita kwake. Tulimkuta ameishika simu mkononi. Kundi la ukoo lilikuwa limetumiwa video ya Sauti ya Mwalo, imeandikwa kwa herufi kubwa: "Hatimaye akiri kuchoma nyavu za watu." Kwenye video Awadhi amesimama mchangani, watu wamemzunguka, anasema: "Nilichoma nyavu za mtu asiye na kosa, na nilijua." Inaishia hapo. Mama alikuwa analia. Binamu yetu Anwari alishasema posa irudishwe siku hiyo hiyo.

Baba mdogo akasema, "Amekiri kwa mdomo wake. Kuna la kuuliza hapo?"

Nikasikia sauti yangu inasema lipo.

Wote wakanigeukia. Nuriat, wewe unajua ninavyomwogopa Baba mdogo. Nikamwambia huyo anayezungumza alikuwa Muleba, hakuitwa na mtu, kisha akapanda boti kwenda kusema hayo. Nikamwambia video inaanza ameshaanza kuongea na inaisha hajamaliza, na aliyeikata ni mtu ambaye nyavu zake zilichomwa siku ile. Anayo haki ya kukasirika, lakini hasira yake imechagua cha kutuonyesha. Anwari akasema namtetea kwa sababu ni shemeji mtarajiwa. Nikamjibu kwamba mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutaka akataliwe. Kisha nikasema kuna mtu mmoja tu anayeweza kutuambia, mwenye nyavu mwenyewe, tumpigie. Namba yake nilikuwa nimeipata kwa Asha.

Baba mdogo aliinuka akanijia. Nilidhani atanifukuza. Akanipa simu nibonyeze namba, akaweka sauti kubwa wote tusikie.

Avit hakushangaa. Alisema Awadhi alifika akaomba watu wakusanyike pale pale palipochomwa nyavu. Akaeleza yote, maboya, maafisa, kamera, akasema aliogopa kushushwa mbele ya wageni. Riyadhi alikuwa anarekodi tangu mwanzo, na Awadhi aliona kwamba anarekodiwa. Hakumwambia azime. Kisha akamgeukia Avit akamwomba radhi, na baada ya hapo akakaa chini kuanza kusuka nyavu mpya pamoja naye. Tangu siku hiyo kila Jumamosi anavuka, wanasuka, jioni anarudi Muleba.

Baba mdogo akamwuliza, "Umemsamehe?"

Avit akasema, "Bado ninamkasirikia kidogo. Nyavu hazijaisha."

Hata Mama alitabasamu. Baba mdogo akamwuliza tena: angekuwa yeye ndiye mwenye binti, angemjibu nini mtu huyo?

"Mimi?" Avit alisema. "Binti yenu alikuja huku akaniuliza mimi, wakati wengine wote walikuwa wananirekodi tu. Msiniulize. Muulizeni yeye."

Simu ilikatika. Baba mdogo akaniuliza kama ni kweli ulikwenda kisiwani, na nani alikutuma. Nikamsimulia yote. Habari ya herufi n, picha iliyokatwa, jinsi ulivyoanza na wasiompenda, jinsi ulivyofuta ile picha iliyokuwa inakupendeza. Alisikiliza amefumba macho, kama anavyosikiliza hotuba ya Ijumaa. Nilipomaliza akasema, "Nilikuwa nafikiri kazi yangu ni kumchunguzia mtoto wa kaka yangu mchumba. Imeshafanywa." Akamgeukia Anwari akamwambia aifute ile video kwenye kundi, na aliyeituma aandike kwamba haikuwa yote.

Nimekuwa nikikuona mdogo wangu siku zote. Nilikutumia habari ili uogope, wewe ukaifanya safari. Kila ninapofungua simu sasa najikuta naangalia nani hayumo kwenye habari. Sijui nikushukuru au nikulaumu, maana kusoma kumekuwa kwa polepole na wateja wananisubiri.

Kesho Baba mdogo atakuuliza wewe mwenyewe, kama Avit alivyosema, na ujibu unavyotaka. Ila naona yeye ameshaamua lake. Jana alikuwa anachambua senene barazani, wale panzi wetu wa kukaanga, wamekuwa wengi mwaka huu, akaniuliza kama Awadhi anakula senene au ni wale wa Pwani wanaowakimbia. Nikamwambia sijui, nitauliza.

Basi nakuuliza. Anakula?

Dada yako anayekupenda,
Hafidha